Ngozi, Hedhi na Biashara ya Wiki Nne

Mtindo wa urembo unaozunguka mitandaoni siku hizi unamtaka mwanamke awe na seti nne za vipodozi kwa mwezi mmoja: ya siku za hedhi, ya baada ya hedhi, ya siku za yai kupevuka, na ya wiki ile ya mwisho kabla damu haijarudi. Hoja hii inavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Homoni hupanda na kushuka ndani ya mwezi, na ngozi huzipokea na kuzijibu. Nusu ya pili, kwamba kwa hiyo sabuni na krimu zibadilishwe kila wiki, haina msingi wa maana. Inafaa kueleza kwa nini, maana pesa inayokwenda huko ingeweza kufanya kazi kubwa zaidi kwenye uso uleule.

Mzunguko huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya kutokwa damu. Siku hizo estrojeni na projesteroni zote mbili ziko chini. Damu inapokatika, yai linakua ndani ya ovari na estrojeni inapanda mpaka karibu na siku ya yai kutoka. Estrojeni huisaidia ngozi kushika maji, na ndiyo maana wanawake wengi husema uso wao hutulia katika kipindi hiki. Yai likishatoka, projesteroni inachukua nafasi. Hufika kileleni kama wiki moja kabla ya hedhi, kisha zote mbili huporomoka pamoja. Testosteroni, ambayo mwanamke pia anayo kwa kiasi kidogo, haiporomoki vile. Matokeo yake, siku za mwisho za mzunguko nguvu yake huonekana zaidi, kwa kuwa zile zilizokuwa zikiipoza zimepungua. Tezi za mafuta za usoni, kifuani na mgongoni huitii testosteroni kuliko homoni nyingine yoyote. Kuhusu projesteroni kuongeza mafuta yenyewe, wataalamu bado wanabishana.

Hapo tayari kuna tatizo kwa wauza kalenda. Karibu kila mchoro wa mzunguko huweka yai kutoka siku ya 14 na hedhi kurudi baada ya siku ya 28. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchambuzi wa mizunguko zaidi ya 600,000 iliyorekodiwa kwenye programu ya simu. Wastani ulikuwa siku 29.3. Sehemu ya kabla ya yai kutoka ilichukua wastani wa siku 16.9, na ya baada ya hapo siku 12.4. Hizo ni wastani tu: mmoja ana mzunguko wa siku 24, mwingine 35, na wote wawili ni wazima. Hata mwanamke mmoja hubadilika mwezi hadi mwezi akiwa na msiba, safari, homa au mtihani. Anayepaka krimu ya "siku ya 14" kwa kufuata mchoro anaweza kuwa siku tatu au nne mbali na yai lake, na hana njia ya kujua.

Je, chunusi za kabla ya hedhi ni za kweli au ni hisia tu? Ni za kweli. Mwaka 2001 uchunguzi uliohusisha wanawake 400 uliona kwamba asilimia 44 walipata chunusi zaidi siku za kuelekea hedhi, na waliopita umri wa miaka 33 walilalamika zaidi kuliko wadogo zao. Jambo hili huwashangaza wanaodhani chunusi ni ugonjwa wa kidato cha pili. Kwa kuwa malalamiko yanaweza kukosea, daktari wa ngozi Anne Lucky na wenzake wakahesabu vipele vyenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 2004: karibu theluthi mbili ya wanawake waliofuatiliwa waliongezekewa na vipele vyenye uvimbe katika siku za mwisho za mzunguko, na ongezeko lilikuwa kama robo.

Robo. Nasisitiza kipimo hicho kwa sababu ndicho kinachopotea kwenye matangazo. Mwenye vipele vinane hufikia kumi. Inaudhi, hasa kama harusi ni Jumamosi, lakini vile vinane vingine vilikuwapo wakati wote, na vina sababu zake zisizohusiana na tarehe. Mwanamke anayesema "ni hedhi tu" kila mwezi kwa miaka mitano anaweza kuwa na ugonjwa wa chunusi wa kawaida kabisa, unaotibika, aliouachia kalenda.

Kuna pia imani kwamba chunusi za homoni hukaa kidevuni na kwenye taya pekee. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ukiwahusisha wanawake watu wazima 374 ulikuta karibu 9 kati ya 10 wana chunusi sehemu kadhaa za uso kwa pamoja. Waliokuwa nazo tayani tu walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Ramani ya uso inayodai kusoma homoni kwa mahali kipele kilipotokea ni burudani, iachwe hivyo.

Sasa niingie kwenye kiini cha mjadala, ambacho ni muda. Kipele hakianzi siku unapokiona. Kinaanza pale seli zilizokufa na mafuta vinapoziba kinyweleo kwa ndani, kizibo kidogo kisichoonekana kwa macho. Kizibo hicho huchukua wiki nyingi kukua, mara nyingi kama nane, kabla hakijageuka kichunusi cheupe, cheusi, au kipele chekundu chenye maumivu. Kwa lugha ya kalenda, kipele kitakachokusumbua kabla ya hedhi ya Juni huenda kilipandwa Aprili. Kinachofanya homoni za wiki ya mwisho ni kukisukuma kitokeze. Mwaka 1973 Williams na Cunliffe waliandika katika jarida la Lancet kwamba tundu la kinyweleo huwa dogo zaidi kati ya siku ya 15 na ya 20 ya mzunguko. Mafuta yakikwama nyuma ya tundu lililobanwa, vipele hufuata siku chache baadaye. Huenda hayo si maelezo yote, ila yanaonyesha jinsi sababu inavyotangulia dalili.

Ukielewa hilo, kubadilisha vipodozi kila wiki kunakosa mantiki. Dawa za chunusi zenye ushahidi hufanya kazi kwa kuzuia kizibo kisiundwe au kuua bakteria polepole, na zote huhitaji wiki 8 hadi 12 za matumizi yasiyokatika ili zihukumiwe. Adapalini, mojawapo ya dawa hizo, ikipakwa wiki moja kwa mwezi haitibu chochote. Inaichubua ngozi wiki ile, inaiacha ipone wiki tatu, kisha inaichubua tena. Mwanamke anabaki na uso mkavu wenye vipele, anaamini dawa imeshindwa, na mwezi unaofuata ananunua nyingine.

Kuna kitu kimoja katika hoja ya wiki nne ambacho nakikubali, nacho ni uimara wa ngozi. Mwaka 1992 kundi la Howard Maibach lilipima maji yanayopotea kupitia ngozi ya wanawake wachache katika nyakati tofauti za mzunguko, likaona upotevu ni mkubwa zaidi siku ambazo homoni ziko chini kabisa. Utafiti ni mdogo, lakini unaendana na kile wanawake wengi husimulia: siku za kuelekea hedhi na zile za kwanza za damu, uso huwashwa na kuvumilia kidogo. Kwa hiyo marekebisho ya busara yapo, na hayagharimu shilingi: usianze bidhaa mpya siku hizo, usisugue, na kama krimu ya dawa inachoma, ruka usiku mmoja au uipake juu ya losheni ya kawaida. Hayo tu. Kisha unarudi kwenye utaratibu wako uleule.

Utaratibu wenyewe ni mfupi hadi unachosha kuuandika. Sabuni laini isiyoacha uso umekakamaa, asubuhi na jioni. Losheni isiyoziba vinyweleo. Kinga ya jua mchana. Usiku, dawa moja. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 5 au 10 na huunguza kidogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia nambari kubwa. Angalizo lake ni kwamba hufifisha rangi ya kitambaa, na kanga nzuri ya mto inaweza kuharibika. Asidi ya azelaiki ina faida mbili kwa ngozi nyeusi: inapunguza vipele na inafifisha madoa, na inaruhusiwa hata kwa mjamzito. Adapalini ni nzuri lakini haifai kwa mjamzito wala anayetafuta mimba. Maduka mengi ya dawa ya mitaani hayana vyote hivi, ila benzoili peroksaidi hupatikana kwa urahisi kuliko vingine.

Juu ya tiba za nyumbani nitasema kidogo. Liwa ya mwambao inapoza uso na inanukia vizuri, na sijaona sababu ya kumkataza mtu anayeipenda mradi aioshe isikaukie na kumchuna. Ndimu ni hadithi nyingine. Juisi yake ni kali mno, na ikipigwa na jua ngozi inaweza kuungua na kuacha alama nyeusi kwa miezi. Dawa ya meno juu ya kipele nayo huchoma bure.

Alama hizo ndizo zinazotenganisha mjadala wa kwetu na ule wa magazeti ya Ulaya. Kwenye ngozi nyeupe kipele kikipona kinaacha wekundu unaokwisha. Kwenye ngozi nyeusi kinaacha doa, na doa hukaa miezi mingi kuliko kipele kilivyokaa. Muulize mwanamke wa Temeke au Mvita anachotaka kuondoa, aghalabu atakuonyesha madoa, si vipele. Vipele vya kila mwezi vinaongeza madoa kila mwezi, na hivyo uso hauna nafasi ya kusafika. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuzuia chunusi mapema na kuacha kuzitumbua. Ndiyo pia sababu kinga ya jua si anasa kwa mtu mweusi: mwanga unaoonekana, na sio miale ya urujuanimno pekee, huchochea weusi wa madoa, na kinga zenye rangi ya kahawia iliyotokana na oksidi za chuma huuzuia mwanga huo kuliko zile nyeupe. Isitoshe, hazikuachi na uso wa majivu.

Homoni zina mkono mwingine hapa. Mabaka ya kahawia yanayotokea kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, ambayo wengi huyapata wakiwa wajawazito, huchochewa na homoni na jua kwa pamoja. Vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kuyaleta pia. Mabaka haya hayafuati wiki za mzunguko. Hufuata miezi na miaka, na krimu yoyote isiyoandamana na kinga ya jua itashindwa nayo.

Kutoka kwenye doa hadi kwenye mkorogo ni hatua moja tu. Mwanamke anayetaka doa liondoke haraka huuziwa krimu isiyo na maelezo ya kueleweka, au mchanganyiko uliokorogwa nyuma ya duka, na ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi inatuliza kila kitu kwa wiki za mwanzo. Vipele vinazama, uso unang'aa, rafiki zake wanauliza siri. Baadaye steroidi ileile inaleta chunusi zake, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, nywele zinaota mashavuni. Akiacha, uso unawaka na kutoa vipele kwa wingi, naye anadhani bila krimu hawezi kuishi. Sasa weka hedhi juu ya hayo. Kila mwezi vipele vinapanda, anaongeza krimu, vinatulia damu ikianza kama ambavyo vingetulia vyenyewe, na krimu inapata sifa isiyostahili. Kwa maoni yangu hakuna kitu kinachoipa mkorogo wateja wa kudumu kama mzunguko huu wa kupanda na kushuka.

Sheria haikosi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, ulilenga kuondoa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni kufikia 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa vyote vyenye zebaki iliyoongezwa, bila kiwango, kufikia 2025. Tanzania ilihamishia usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Rwanda imekuwa ikikamata vipodozi vya kuchubua madukani. Lakini kopo linapita mpakani ndani ya mkoba, na mnunuzi hana maabara. Ishara anayoweza kuitumia ni rahisi: kitu kinachong'arisha uso ndani ya siku saba na hakina orodha ya viambato, hakipaswi kuuzwa.

Nimebakiza jambo ambalo karibu mafundisho yote ya "ngozi na mzunguko" hulisahau, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Wanawake wengi wa Tanzania na Kenya wanaotumia uzazi wa mpango wa kisasa wanatumia kijiti au sindano ya miezi mitatu. Sindano huzuia yai kupevuka. Kijiti nacho huzuia, wakati wote au mara nyingi, kutegemea aina. Mwanamke huyu hana zile wiki nne. Damu anayoiona bila mpangilio, matone leo na wiki mbili za ukame, haitokani na mzunguko, na akihesabu siku kutoka kwenye matone hayo anahesabu kitu kisichokuwapo. Hata anayemeza vidonge vya majira, damu ya wiki ya vidonge visivyo na dawa ni ya kukatizwa kwa homoni za kidonge. Anayebaki na mzunguko wake kamili ni mwenye kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni, na asiyetumia njia yoyote ya homoni.

Njia zenyewe zinaathiri ngozi kwa namna tofauti. Zile za projestini peke yake, yaani kijiti, sindano na kitanzi chenye homoni, zinaweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya watumiaji. Wengine hawaoni tofauti. Vidonge vyenye homoni mbili huzipunguza. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012, yaliyoongozwa na Ayodele Arowojolu wa Ibadan, Nigeria, yalikusanya majaribio 31 na kuthibitisha kwamba vidonge hivyo hupunguza vipele usoni. Havimfai kila mtu: mwenye shinikizo la damu, historia ya damu kuganda, kipandauso chenye dalili za kuona mwanga, au mvutaji sigara aliyepita miaka 35 anapaswa kuviepuka. Namsihi pia asomaye haya asikimbie kutoa kijiti kwa sababu ya uso kabla hajazungumza na mtoa huduma. Chunusi zinatibika kijiti kikiwa mkononi, na mimba isiyotarajiwa ina uzito wake.

Kwa mtu mzima mwenye chunusi sugu kuna pia spironolaktoni, kidonge cha zamani cha shinikizo na moyo ambacho hupunguza athari za testosteroni kwenye tezi za mafuta. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023, lenye wanawake 410, lilionyesha kinasaidia, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi wiki ya 24 kuliko ya 12. Muda tena. Kidonge hiki huandikwa na daktari, na hakitumiwi na mjamzito wala anayeweza kupata mimba bila kinga.

Kalenda basi ina kazi gani? Ina kazi kubwa ya utambuzi. Mwanamke aliyeandika kwa miezi mitatu tarehe ya hedhi, tarehe vipele vilipoongezeka, na kila alichopaka au kumeza, anampa daktari habari ambayo kipimo cha damu hakiwezi kuitoa. Ikionekana vipele vinafuata hedhi kwa uaminifu, tiba ya homoni inaingia kwenye mazungumzo. Ikionekana havifuati chochote, macho yanageukia mafuta ya nywele, krimu mpya, barakoa au dawa anazotumia. Na ikionekana hedhi yenyewe inapotea, inakuja kila baada ya siku 40 au miezi miwili, huku nywele zikiota kidevuni na chunusi zikikataa dawa, hapo suala si la urembo tena. Dalili hizo zinaelekeza kwenye ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ambao Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa anao, na wengi hawajui. Unahusiana na kisukari na ugumu wa kupata mimba. Mwanamke wa namna hii akiuziwa seti ya wiki nne anacheleweshwa.

Madaktari wa ngozi ni wachache Afrika Mashariki, lakini hawako Dar es Salaam na Nairobi pekee. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha tangu 1992, na wahitimu wake wengi si madaktari bingwa bali matabibu waliosomea ngozi na kurudi katika mikoa na nchi zao. Uliza kama hospitali ya mkoa wako ina mmoja wao. Nenda na kalenda yako ya miezi mitatu, na kopo la kila krimu uliyopaka, hata lile unaloona aibu kulitoa mkobani.